Nyumba Kansas, Sanduku la Barua Oklahoma

Jumanne, Februari 3

Mwalimu Koehn anasema nikitaka cheti changu cha sekondari, ambacho nilikiacha njiani nikiwa na miaka kumi na sita, niandike kila siku hata mstari mmoja. Basi mstari ndio huu. Baridi ya kung'oa masikio. Ndama watatu wamezaliwa, na wote nimewapokea mimi, Wade Unruh, mzalishaji hodari kuliko wote katika kaunti hii, na hakuna aliyenishukuru. Hata ng'ombe wenyewe walinipa mgongo.

Ijumaa, Februari 6

Dada yangu Lea amepata nafasi shule ya udaktari wa mifugo, hapa hapa Kansas. Upande wa Oklahoma alijaribu pia, wakamkataa, kwa hiyo nafasi ni hii moja. Mama alilia mpaka mikate ikaungua. Baba alisema "Vizuri," akatoka kwenda kuvunja barafu kwenye hori la maji. Kwa mzee Verlin Unruh, huko ndiko kulia.

Nilimwambia Lea asihangaike kusoma miaka minne, nitamfundisha kila kitu kwa wiki mbili, bei ya kindugu. Akanirushia glavu yenye uchafu nisioutaja, maana Mwalimu Koehn atasoma.

Kuna jambo dogo limebaki, anasema. Athibitishe kwamba ni mwenyeji wa Kansas. Mwenyeji anatozwa ada ya binadamu. Mgeni anatozwa karibu mara mbili, mwaka hata mwaka.

Jumatano, Februari 11

Theluji inakuja kwa ubavu. Ndama mmoja yumo ndani ya bafu la mama, anapashwa moto. Nimeoga kwenye sinki.

Alhamisi, Februari 19

Jambo dogo limeota pembe. Chuo kimemwandikia Lea kwamba, kwa karatasi walizo nazo, yeye ni mtu wa Oklahoma.

Nicheke au nilie? Nyumba yetu iko Kansas. Zizi liko Kansas. Babu amezikwa Kansas, na hajahama. Ila barabara iliyo mbele ya mlango wetu ndiyo mpaka wenyewe, na mleta barua hupita kando ya ng'ambo tu, hataki kugeuza gari. Kwa hiyo sanduku letu la barua limesimama Oklahoma. Mama huvuka na kandambili, anaingia jimbo jingine, anachukua bili ya umeme na kurudi kabla kahawa haijapoa. Na kila karatasi ya nyumba hii ina anwani ya ng'ambo.

Lea alipiga simu, akasikiliza muziki wa kungojea mpaka nami nikaujua kwa kuimba. Mama mmoja akamwambia kwa upole alete uthibitisho. Akapeleka leseni ya udereva ya Kansas. Wakasema leseni peke yake haitoshi. Akapeleka stakabadhi ya kodi ya ardhi. Ina jina la baba, si lake. Akapeleka picha ya nyumba iliyopigwa kutoka angani. Wakamshukuru kwa picha nzuri.

Nikasema, ninyi wasomi mnahangaika bure, nipeni sepeto nihamishe sanduku. Baba akasema sanduku hilo lilisimikwa na babu yangu na litakaa pale pale. Tena barua za nani hizo, akauliza, kama si zetu?

Sikumwelewa. Nadhani anazungumzia sanduku.

Jumatatu, Machi 2

Leo nitaandika mpaka kalamu iombe radhi.

Lea alipigiwa simu wakati wa chakula cha mchana. Akaiweka mezani ili wote tusikie, maana alikuwa na mikono ya unga. Yule mama wa chuo akasema sanduku la barua wangeweza kulisamehe, watu wa mpakani wanawajua. Tatizo ni kwamba Lea alisoma miaka minne ya shahada ya kwanza katika chuo cha Cedar Fork, huko Oklahoma, na miaka yote minne alilipa ada ya wenyeji wa Oklahoma. Je, alikuwa mwenyeji wa Oklahoma kwa miaka minne, halafu sasa ni wa Kansas?

Lea akasema hapana, hilo ni kosa. Yule mama akasema si kosa, kuna tamko lenye sahihi ya Lea.

Simu ikakatika. Mama akamtazama baba. Baba akatazama viazi.

"Baba," Lea akasema. "Nilitia sahihi nini?"

"Zile karatasi za mwaka wa kwanza. Nilikujazia mimi."

"Ulijaza nini?"

"Anwani. Waliuliza anwani, nikaandika anwani. Walitaka niandike nini, anwani ya kanisa?"

Lea akamuuliza kama waliuliza anwani tu, au waliuliza anakoishi. Baba akakata kiazi vipande vidogo kama anamlisha mtoto. Akasema mwisho wa yote kwamba kulikuwa na kisanduku cha kutia alama, mwenyeji au mgeni, naye akatia pale palipokuwa nafuu. Kila mtu angefanya hivyo. Miaka ile ilikuwa ya ukame, ng'ombe hawakuwa na bei. Na kodi ya mafuta anailipa Oklahoma kila anapojaza tangi, kwa hiyo yeye pia ni mwenyeji kidogo.

"Mwenyeji kidogo," mama akasema. Mama anaendesha basi la shule, ana sauti ya kunyamazisha watoto hamsini bila kuipandisha. "Verlin, umemfanya mtoto wako mgeni kwao."

Hapo baba akavaa kofia. Nami nikafanya kosa la kusema kwamba mimi niliyeacha shule ndiye peke yangu katika familia hii ambaye sijadanganya chuo chochote. Nikatumwa kusafisha zizi.

Kilichoniudhi si uongo. Uongo mdogo nami ninao, ninao wa kuazima watu. Kilichoniudhi ni kwamba huyu ndiye mzee aliyewahi kunirudisha dukani, maili thelathini, kwa sababu muuzaji alinizidishia chenji. Nilikuwa na miaka tisa. Nililia njia nzima.

Jumatatu, Machi 9

Lea hasemi na baba. Wanasemezana kupitia kwangu, kana kwamba mimi ni mkalimani wa serikali. Mshahara hakuna.

Jumanne, Machi 17

Mtamba mmoja alianza kuzaa alfajiri, na nilipoingiza mkono nikakuta mkia. Ndama kakaa kinyume. Daktari Mabry, mganga pekee wa ng'ombe aliyebaki pande zetu, alikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na mwenyewe ana miaka sabini na goti bovu.

Nilijaribu. Nasema nilijaribu kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zinajulikana. Haikusaidia. Lea akanisogeza kwa kiwiko, akavua koti kwenye baridi ile, akalala tumboni kwenye majani. Alimsukuma ndama ndani kwanza, ndani, wakati mimi ningevuta. Akakinga kila ukwato kwa kiganja chake usije ukachana kizazi, akaukunja mguu, akautoa. Kisha wa pili. Alikuwa akiongea na yule mtamba muda wote, maneno ya kawaida tu, habari za hali ya hewa. Ndama akatoka kama gunia lililolowa, nikamsugua kwa majani mpaka akapiga chafya.

Nikamwambia si mbaya kwa mtu wa Oklahoma. Hakucheka.

Akanieleza bila kunitazama. Mwisho wa kukubali nafasi ni Aprili 15. Wakimhesabu mgeni, hataikubali. Hataki deni la kumfuata mpaka anakuwa na umri wa Daktari Mabry, na madaktari wa ng'ombe hawalipwi kama wa mbwa wa mjini. Kinu cha chakula cha mifugo kinatafuta karani. Ameshachukua fomu.

Nikaenda kumletea ndoo ya maji ya moto anawe mikono.

Jumanne, Machi 24

Kamati ya rufaa itamsikiliza Aprili 9, kwa kompyuta, saa nne asubuhi. Wanataka pia maelezo ya mzazi aliyemlipia ada.

Baba anasema aeleze habari za sanduku. Lea anasema, kupitia kwangu, kwamba atasema ukweli wote. Baba anasema, kupitia kwangu, kwamba ukweli wote ukisemwa, Cedar Fork watataka tofauti ya ada ya miaka minne, na tutawalipa kwa nini, kwa kwato? Nikawaambia wote wawili kwamba wana simu.

Jumatatu, Machi 30

Upepo wa kaskazini. Hatuchomi.

Jumanne, Machi 31

Upepo wa kaskazini. Hatuchomi.

Ijumaa, Aprili 3

Upepo unazunguka kama mlevi. Kila masika huku tunachoma nyasi kuukuu za malisho ili mapya yaote, na kila malisho ya majirani yameshachomwa, vilima vyao ni vyeusi na majani mapya yanachungulia. Sisi bado tuna nyasi kuukuu za rangi ya simba, na wenye ng'ombe wa Texas wanaokodi malisho yetu wanapiga simu.

Mzee Hoyt wa ng'ambo ya barabara alikuja kunywa kahawa yetu. Yeye ni mtu wa Oklahoma halali kabisa, sanduku na kitanda. Akamuuliza baba kama siku hizi anangoja upepo wa jimbo gani. Mama alimwaga kahawa kwa kicheko. Baba alisema Hoyt akumbuke kuondoka na kikombe alichokuja nacho, naye alikuja mikono mitupu.

Alhamisi, Aprili 9

Naandika nikiwa na nyusi nusu. Nitafika hapo.

Saa moja asubuhi upepo ukatulia kusini-magharibi, laini, sawasawa, upepo ambao watu hapa huuota. Baada ya wiki mbili za kukera, umechagua leo. Saa mbili uwanja ulikuwa umejaa: Hoyt na lori lake la maji, wana wa jirani Ratzlaff na mikebe ya kudondoshea moto nyasini, watu tisa kwa jumla, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayechoma peke yake. Mwenye malisho ndiye huwasha mstari wa kwanza. Baba hajawahi kukosa mstari wa kwanza tangu azaliwe. Mwaka aliopasuliwa kidole tumbo aliuwasha akiwa amekaa kwenye pikapu.

Lea alikuwa jikoni na kompyuta, peke yake, blauzi ya kanisani juu, buti za zizini chini. Mama alikuwa na basi. Mimi niliingia kuchukua kiberiti nikachelewa kutoka kwa makusudi.

Saa nne kasoro kidogo, baba akasimama mlangoni. Alitazama nje kule kwenye watu na upepo. Akautazama mgongo wa Lea. Akanipa mkebe wake wa moto, akasema, "Kawashe."

Nikadhani sijasikia. Akarudia kwamba nianzie pembe ya kaskazini-mashariki, nirudi nyuma dhidi ya upepo, nisijifanye shujaa. Akavua kofia, akavuta kiti, akaketi kando ya Lea.

Sikutoka. Moto ungengoja dakika chache. Nyuso tatu zikatokea kwenye kioo, zikaganda, zikatoweka, zikarudi. Mtandao wetu nao ni mwenyeji kidogo. Mwenyekiti alikuwa bwana mwenye miwani. Akamuuliza Lea habari za lile tamko. Kabla Lea hajafungua kinywa, baba akasema:

"Mimi ndiye niliyeliandika. Alikuwa ametoka sekondari juzi, nikamwonyesha pa kutia sahihi, akatia kwa sababu aliniamini. Hajalala Oklahoma ila bwenini. Kila likizo alikuwa hapa, mkono ndani ya ng'ombe."

"Kwa nini uliandika hivyo, Bwana Unruh?"

"Kwa sababu ilikuwa nafuu."

Yule bwana akasubiri, labda alidhani kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Lea alikuwa anatazama meza.

Wakajadiliana bila sauti, midomo ikitembea. Waliporudi wakasema hivi: wanakubali kwamba ameishi Kansas. Lakini hawawezi kumwandika mwenyeji wakati chuo kingine bado kimemwandika mwenyeji wake. Cedar Fork wafute ule ukazi kwa maandishi, maandishi yafike kabla ya tarehe 15, na yeye ni wa Kansas. Baba akauliza, na wakidai tofauti? Mwenyekiti akasema hilo ni kati yake na wao.

"Sawa," baba akasema. Akavaa kofia.

Nikatoka mbio kuwasha. Nilianzia pembe ya kaskazini-mashariki kama nilivyoambiwa, mstari ulionyooka kuliko wowote ulioonekana vilimani humu, Hoyt mwenyewe alitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha nikajifanya shujaa. Nyusi zitaota. Nguzo nne za uzio hazitaota.

Ijumaa, Aprili 10

Baba amechagua mitamba ishirini wa kuuza mnadani, ili awalipe Cedar Fork ile tofauti. Mitamba wetu bora, wa kurithi kundi wakongwe wakichoka. Wanne ni wangu, nimewanunua kwa mishahara yangu ya miaka miwili, ile mishahara anayolipa anapokumbuka. Hakuniamuru. Aliniuliza. Alisimama kwenye uzio akakwaruza mti kwa ukucha, akasema akipata pesa atanirudishia, na nikikataa ataelewa.

Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia kwa kelele. Angeamuru tu ningepiga kelele.

Nikamwambia achukue, ila yule mwenye baka jeupe usoni anauma. Haumi hasa. Nilitaka tu ajue nawajua mmoja mmoja.

Akanikataza kumwambia Lea.

Jumatatu, Aprili 13

Nimemwendesha baba mpaka Cedar Fork, maana hapendi kuendesha mjini, na mji wenyewe una taa mbili. Nyuma tulivuta trela na mitamba ishirini. Mpango ulikuwa: chuoni kwanza akasikie kiasi, kisha moja kwa moja mnadani. Nikaegesha penye kivuli mbele ya ofisi ya usajili, nikachukua nafasi saba za walimu. Ng'ombe wakaanza kuwaimbia wanafunzi.

Ndani kulikuwa na mama mmoja, Bi Charlene, anakula saladi kwenye kopo. Baba akasimama mbele yake, kofia mkononi, akakataa kiti. Akaungama yote kwa sauti ya kusoma tangazo. Amedanganya. Binti hana kosa. Anataka ule ukazi ufutwe leo, na atalipa kinachodaiwa, pesa iko nje. Bi Charlene akachungulia dirishani, akaiona pesa ikijisaidia.

Akafuta mikono. Akauliza kaunti. Baba akataja yetu. Yule mama akabonyeza bonyeza, akainamia kioo, akamtazama baba, akakirudia kioo.

"Baba, kaunti yenu inapakana na sisi."

"Ndiyo, mama."

"Watoto wa kaunti za mpakani tunawatoza ada ya wenyeji. Toka sijaajiriwa, na nina miaka ishirini na mbili hapa."

Baba akaigeuza kofia mkononi.

"Ungeandika Kansas," akasema Bi Charlene, "ungelipa hivyo hivyo. Senti kwa senti."

Akabonyeza tena, mashine ikacheua karatasi moja: Lea Unruh, mkazi wa Kansas, ada ya mpakani, hadaiwi. Akaituma na Kansas hapo hapo, akarudia saladi yake. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko tulivyongoja Lea asikilize ule muziki wa simu. Baba akamuuliza kama ana hakika. Akamuuliza tena. Nadhani alitaka apatikane hata mtu mmoja wa kumdai.

Garini nilishika usukani nikauma mdomo. Nilijikaza mpaka taa ya pili. Kisha nikacheka nikalazimika kuegesha. Baba akatazama mbele tu, masikio yamemwiva.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nawakwepa watu macho kanisani."

Nikauliza, mnadani au nyumbani? Akasema nyumbani, na nifunge bakuli langu.

Jumatano, Aprili 15

Ndama wa mwisho wa mitamba amezaliwa asubuhi, peke yake, bila msaada wa mtaalamu yeyote kati yetu.

Kansas walimwandikia Lea jana jioni: mwenyeji. Amebonyeza kukubali nafasi leo baada ya kifungua kinywa, mama kasimama nyuma yake na fulana ya dereva wa basi. Habari za Bi Charlene ameshazisikia kutoka kwangu mara tatu, kila mara nzuri zaidi. Za trela sikumwambia, niliahidi.

Lakini trela lilikuwa zamu yake kulisafisha. Alikaa huko kitambo, kisha akaja jikoni na sepeto mkononi, akamuuliza baba, yeye mwenyewe, bila mkalimani, kwa nini limejaa mavi mabichi kama hawakwenda kokote ila ofisini.

Baba akasema mitamba walitaka kupunga upepo.

"Wangapi?"

"Ishirini."

Lea akaiegemeza sepeto ukutani. Akaketi kiti cha kando yake, kile kile cha siku ya kamati.

"Lile kundi lote la kurithi," akasema.

"Wanne ni wa Wade," baba akasema. "Mmoja anauma."

Lea akaweka kichwa mezani. Nilidhani analia, nikatafuta njia ya kutoka, kisha nikaona mabega, anacheka, anacheka mpaka anashika ubavu. Baba akauliza kuna nini cha kuchekesha, mtu amejidanganya miaka minne bure. Hilo likammaliza kabisa Lea. Mama naye akaanza. Baba akawatazama mmoja mmoja, akijikaza, kisha uso ukamshinda, akajifunika kwa kofia.

Nimewaacha humo humo. Mtu fulani lazima avuke barabara akamweleze Mzee Hoyt.